Siku Nne za Libanga

Espérance alinikuta ninatwanga ndizi za lituma. Alikuja kwa toleka kutoka katikati ya mji, amekaa upande kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, mfuko wa nailoni ameukumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Sikuwahi kumwona. Mama yake aliondoka Kisangani kabla ya kumzaa. Lakini aliposhuka na kusimama mlangoni, akainamisha kichwa kidogo upande wa kushoto ili anitazame vizuri, nilijua ni mtoto wa nani. Nilijua pia kwamba mama yake amekufa, kwa sababu mtu hatoki Bukavu mpaka huku kumtafuta mpishi wa zamani wa mama yake kama mama yake angali hai. Akauliza, "Ni wewe Mama Mado?" Nikamjibu, "Ni miye, mutoto yangu. Ingia." Alikaa kwenye kiti changu cha plastiki, akanywa maji, akasema mama yake alizikwa mwezi uliopita, na kwamba kabla ya kufa aliagiza kitu kimoja kinifikie. Akafungua mfuko. Ndani mlikuwa na kitabu kinene cha utafiti alichokiandika mama yake, na juu yake daftari la jalada gumu, la kijani, ambalo kona zake zimeliwa na mchwa. Lile daftari nililijua kabla halijatoka lote. Mwandiko uliojaa humo ni wangu.

Nitaandika mwaka mmoja tu, mwaka wa daftari hilo. Mambo ya nyumba niliyozaliwa hayana kazi hapa, na ya shule ni machache: niliacha mwaka wa tatu wa sekondari. Ninaandika kwa sababu ndani ya daftari lile kuna siku nne ambazo si za kweli, na mtu niliyepaswa kumwambia habari hiyo amekufa bila kuambiwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipoanza kupika kwa Madame Nabintu. Alikuwa mwalimu msaidizi kwenye chuo kikuu, mtu wa Kivu ya Kusini, mwembamba, mpole wa sauti, na nyumba yake ya mtaa wa Makiso ilikuwa na vyumba viwili na baraza. Chumba cha kwanza kilikuwa na kitanda. Cha pili kilikuwa na meza ambayo miguu yake minne ilisimama ndani ya makopo ya petroli, ili siafu wasipande kwenye karatasi. Juu ya karatasi aliweka jiwe jeusi, jepesi, lililojaa matundu kama mkate. Siku ya tatu nilichukua jiwe hilo nikakaa kwenye ngazi kusugua visigino vyangu. Madame alitoka, akaniona, akasema, "Mado, hiyo jiwe si ya miguu." Nilitaka ardhi inimeze. Yeye alikaa karibu nami kwenye ngazi, akanieleza kwamba lilitoka kwenye kisiwa kidogo cha ziwa Kivu, kisiwa kilichotokana na moto wa volkano, cheusi chote, na kwamba alikaa huko mwaka mzima akitazama mijusi midogo. Nilimuuliza aliitazama inafanya nini. Akajibu, "Inafanya mambo yake. Miye ninaandika." Nilifikiri ni mzaha wa watu waliosoma.

Haukuwa mzaha. Alikuwa anatafuta jibu la swali moja: mjusi aliyezaliwa kwenye kisiwa kidogo, asiyeweza kuondoka, anakufa na nini? Kule kwenye kisiwa cheusi alikuwa na jibu lake, ndege. Sasa alitaka mwaka mwingine kamili kwenye kisiwa cha mto ili alinganishe, na alikuwa amechagua kisiwa cha mawe chini ya maporomoko, kidogo hata mtu anakizunguka kabla ya chai kupoa. Watu wa mto walikiita Libanga, yaani jiwe. Mzee aliyemvusha kwa mtumbwi alikuwa Tonton Lofemba, mvuvi kutoka upande wa Yanonge, mwenye mke anayeitwa Mama Alphonsine na nyumba ya udongo pale pale ufukweni. Siku moja Madame alisahau chakula chake. Nilimfuata na sufuria mpaka Libanga, na nilipokuwa ninasubiri amalize kula nikamwambia, "Madame, ile moja haina mukia." Hakuwa amemwona. Alitazama nilikoonyesha, akatazama tena, mwishowe akamwona mjusi amelala bapa juu ya mwamba wa rangi ileile. Akaacha kijiko. "Uko na macho, wewe," akasema. Kuanzia juma lililofuata nilipika asubuhi na mapema, na saa mbili nilikuwa ndani ya mtumbwi. Yeye alikuwa na madarasa. Alivuka siku za Jumamosi tu. Siku nyingine zilikuwa zangu.

Alinifundisha kuwakamata kwa unyasi mrefu wenye tanzi la uzi wa nailoni kwenye ncha. Unamkaribia polepole, unamvisha tanzi shingoni, unainua. Haumii. Nilipomshika mmoja mkononi nilisikia moyo wake ukipiga kwenye kidole changu, kasi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Tuliwatia alama mgongoni kwa rangi ya kucha, nyekundu, nyeupe na kijani, kila mmoja na mpangilio wake wa vidoa, na kila mmoja na namba yake kwenye daftari. Walipojivua gamba rangi iliondoka na gamba, tukawakamata upya. Jua likipasha mwamba walitoka mmoja mmoja kwenye nyufa, wakalala wametanua mbavu. Mwamba ukizidi joto waliinua miguu, huu kisha ule, kama mama anayesimama kwenye mchanga wa saa sita bila viatu. Namba Kumi na Moja nilimpa jina Chef de gare, kwa sababu alikaa juu ya jiwe moja upande wa chini wa kisiwa, kichwa juu, akimfukuza kila dume aliyepita bila ruhusa, kama mkuu wa stesheni anayefukuza watu wasio na tiketi ya Ubundu. Madame alisema jina lisiingie kwenye daftari. Lakini Jumamosi, akishuka kwenye mtumbwi, swali lake la kwanza lilikuwa, "Chef iko kazini?"

Kwenye daftari nilitakiwa kuandika, mbele ya kila namba, kila siku, kama yuko au hayuko. Mimi niliandika kama tunavyosema hapa: iko, haiko. Ni neno ambalo mtu wa Kisangani anazaliwa nalo mdomoni. Chakula iko, mvua iko, Papa iko. Sikuona kwamba linahitaji kufikiriwa.

Mwezi wa kumi na moja mama yake Madame aliugua huko Bukavu, na Madame akaondoka kwa majuma matatu. Mvua ilianza siku aliyopanda ndege. Siku ya kwanza nilifika ufukweni nikakuta maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita na magogo, na Libanga inaonekana nusu. Tonton Lofemba alikuwa amekaa mlangoni kwake anashona wavu. Akaniambia, "Nitakuvusha kama unataka. Lakini utalowa mpaka mifupa." Angenivusha, alivuka mto ule katika hali mbaya kuliko ile. Ni mimi nisiyetaka. Niliingia jikoni kwa Mama Alphonsine nikakaa karibu na moto.

Lile jiko ninalikumbuka kuliko vyumba vyote vya maisha yangu. Lilikuwa na giza la moshi, samaki wamepangwa juu ya wavu wa chuma, mafuta yao yanadondoka kwenye makaa, na liboke moja iliyofungwa kwenye majani inachemka pembeni. Wanawake wawili wa jirani walikuwepo, wanabishana kuhusu mume wa mtu. Mama Alphonsine alinipa kipande cha chikwange, ule mkate wa muhogo, na mkia wa samaki, akaniona nimefungua daftari juu ya magoti nimeshika kalamu bila kuandika.

"Sasa unaandika nini, na hukuenda?"

"Sijui, Mama."

"Andika iko. Ile mijusi inaenda wapi? Jiwe iko katikati ya mayi. Haina tiketi ya treni ya Ubundu."

Wanawake wakacheka, na mimi nikacheka. Niliandika iko, kutoka namba ya kwanza mpaka ya mwisho. Siku ya pili nilifanya hivyo hivyo, na ya tatu, na ya nne. Sikuwa mgonjwa. Hakuna aliyenizuia. Samaki walikuwa watamu na kulikuwa na joto.

Siku ya tano mvua ilikatika, maji yakashuka kidogo, nikavuka. Upande wa juu wa Libanga ulikuwa kama nilivyouacha. Upande wa chini ulikuwa na matope mpaka kwenye nyufa, na nyasi za mto zimenasa juu ya jiwe la Chef de gare, juu kabisa, mahali ambapo kichwa chake kilikuwa kinakaa. Nilielewa. Maji yalipita juu ya upande ule wote, siku mojawapo kati ya zile nne. Nilikaa mpaka jua likapasha mwamba. Upande wa chini hakutoka mjusi hata mmoja. Nilikuwa na kalamu mkononi, na juu ya ukurasa kulikuwa na siku nne za iko, iko, iko. Kama ningeandika haiko kwa wote kwa siku moja, mtu yeyote angeuliza: jana walikuwepo, leo wamekwenda wapi wote? Niliandika iko. Nilijiambia wamejificha ndani ya nyufa. Kesho yake nikaandika tena.

Madame aliporudi, mama yake amepona, aliniletea kitambaa cha kichwa kutoka soko la Bukavu. Jioni alisoma daftari mezani huku mimi ninapanga sahani. Aliuliza, bila kuinua kichwa, "Mayi ilipanda sana, Mado?" Nikajibu, "Kidogo, Madame." Katika mwaka ule ni maneno hayo mawili tu niliyosema kwa kujua kabisa kwamba si kweli, na alinishukuru. Jumamosi alivuka. Alikaa upande wa chini nusu siku na hakuona kitu. Aliporudi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akasema, "Macho yangu imezeeka. Wewe unaiona, miye siioni." Alikuwa na miaka thelathini na miwili.

Kabla ya Noeli alikuja mgeni, mwalimu mwenzake, mtu mnene mwenye kicheko. Nilipika pondu ya majani ya muhogo na makayabu, samaki wa chumvi. Nilikuwa jikoni lakini mlango ulikuwa wazi, na nilimsikia Madame anazungumza kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake, sauti ya mtu mwenye furaha anayejizuia. "Hapa haifi," alikuwa anasema. "Kule ziwani ilikuwa inapungua kila mwezi. Hapa, miezi sita, haipungui. Ninafikiri ni jambo jipya. Nitaliandika." Mgeni alicheka mpaka akakohoa. "Donc mijusi yako iko kama wafanyakazi wa serikali. Mutu anakufa, jina iko tu kwenye liste." Madame naye akacheka. Mimi nilisimama na kijiko cha pondu mkononi, na kwa mara ya kwanza niliona neno langu lilivyokuwa linatembea nje ya daftari, limevaa nguo za Madame, linakwenda kusimama mbele ya watu wenye elimu.

Nilikaa siku tisa bila kusema. Nilikula chakula chake siku zote hizo tisa. Ya kumi, alipokuwa anakunywa chai barazani, nilimwambia.

"Madame, ile iko ninaandika kwenye kaye. Haisemi niliona."

"Inasema nini basi?"

"Inasema iko. Kama mutu anafika kwenu anauliza, Papa iko? Unasema iko. Hata kama analala ndani, hata kama hukumuona tangu asubuhi. Unajua tu iko."

Aliweka kikombe chini. "Kwa hiyo mwenye hukumuona, unaandika iko."

"Kama ninajua anajificha, ndiyo."

"Tangu mwezi gani?"

"Tangu mwanzo, Madame."

Na hiyo ilikuwa kweli. Toka mwezi wa saba, mjusi ambaye sikumwona lakini niliona kinyesi chake kibichi au nilijua amekimbia wingu, nilimwandika iko. Kosa hilo lilikuwa la neno, na halikuwa na ubaya ndani yake. Lakini nyuma yake kulikuwa na lile lingine, na nilikuwa nimelipanga lifuate. Madame aliinuka, akaenda kwenye meza, akachukua jiwe jeusi, akarudi nalo, akakaa analigeuza mikononi. Hakulia wala hakunikaripia. Niliona tu anahesabu kimyakimya miezi aliyopoteza na iliyobaki. Halafu akasema, "Kosa ni yangu. Nilikupa neno, sikukuuliza kwenu linasema nini." Nilikuwa nimefungua mdomo. Ningesema: na zile siku nne sikuvuka, Madame, na mayi ilipita juu. Yalikuwa tayari kwenye ulimi. Lakini mtu akishakutua mzigo kichwani na kujitwisha mwenyewe, unaona shingo yako ilivyo nyepesi. Nilifunga mdomo. Nikachukua kikombe chake nikaenda kukiosha.

Tulianza upya kesho yake. Aliniandikia kwenye jalada la ndani maneno mawili tu yaliyoruhusiwa: nimeona, sikuona. "Haiko ni neno ya Mungu," aliniambia. "Sisi hatuna ruhusa nayo. Mpaka umuone amekufa, andika sikuona." Miezi sita iliyofuata nilivuka kila siku, kwenye mvua na kwenye jua, na Tonton Lofemba akaanza kuniuliza kama Madame ananipiga. Mbele ya Namba Kumi na Moja niliandika sikuona, kila siku, mpaka mwezi wa sita. Polepole mijusi wa upande wa juu walianza kushuka, na wa kwanza aliyekaa juu ya jiwe la Chef alikuwa jike dogo ambalo halikumfukuza mtu. Mwezi wa saba Madame alirudi Bukavu na nusu ya mwaka wake. Aliniachia sufuria zote, na meza.

Haya yote Espérance hakuyajua alipokuwa kwenye kiti changu cha plastiki. Alisema mama yake alimtaja Mado mara nyingi: ukitaka kujua kitu iko kweli, uliza Mado. Kisha, kwa kuwa Kifaransa changu ni kidogo, alifungua kile kitabu kinene mahali ambapo mama yake alikuwa ameweka kipande cha karatasi, akanisomea taratibu kwa Kiswahili. Imeandikwa kwamba miezi sita ya kwanza haikutumika, kwa kosa la mwandishi mwenyewe, ambaye hakuuliza maana ya neno. Kurasa tatu mbele imeandikwa kwamba mijusi wa upande wa chini wa kisiwa walitoweka wakati fulani katika miezi hiyo, na kwamba sababu haikujulikana.

Nilimwomba asome tena sentensi hiyo ya mwisho. Alisoma. Mijusi wa kisiwa cha mto wanakufa na nini: ndilo swali lililomleta Madame Kisangani, na jibu lilikuwa ndani ya jiko lake mwenyewe, linamenya ndizi zake, linamwambia maji yalipanda kidogo. Nimekuwa na muda mrefu wa kumwandikia barua. Kulikuwa na watu waliokwenda Bukavu, baadaye kulikuwa na simu. Kila mwaka nilijiambia kwamba sasa haina faida tena, na kila mwaka ilikuwa kweli kidogo zaidi.

Nilimwambia Espérance. Nilimwambia kama nilivyoandika hapa: jiko, samaki, mzaha wa treni, nyasi juu ya jiwe. Nilipomaliza, ndizi kwenye kinu zilikuwa zimeanza kuwa nyeusi.

"Mama hakujua?"

"Hakujua."

"Na kwa nini unaniambia miye?"

"Kwa sababu wewe iko hapa."

Alitazama daftari, kichwa upande wa kushoto. Sikujua anafikiria nini, na sitasingizia kwamba nilijua. Kisha akatafuta mwenyewe kurasa za mwezi wa kumi na moja, akalisogeza mbele yangu, akatoa kalamu kwenye mkoba wake. "Hiyo kaye iko yako," akasema. "Alisema ifike kwako."

Nilimuuliza kama nifute zile iko. Alisema mama yake hakuwa mtu wa kufuta. Basi niliziacha, na pembeni, kwenye kila moja ya zile siku nne, niliandika neno ambalo Madame hakunipa kwa sababu hakufikiri nitalihitaji: sikuenda. Mkono wangu umezeeka, na herufi hazifanani na zile za jirani zake. Chini ya siku ya nne niliandika kwamba maji yalipita juu ya upande wa chini, na kwamba Namba Kumi na Moja hakuonekana tena. Nilitaka kufunga. Halafu nikaona kwamba mtu atakayelisoma siku nyingine anaweza kudhani niliyaandika haya wakati ule, Madame akiwa hai barazani na chai yake. Nikamuuliza Espérance ni tarehe ngapi, nikaiandika mbele ya kila neno, tarehe ya leo, mara nne.